Feni sita, na bado inachemka

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kirumba, Mwanza, kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Ryzen 5 3600 na kipoozeo chake kidogo kilichokuja ndani ya boksi, pamoja na kadi ya picha ya GTX 1660 Super. Mwezi uliopita nilihamisha kila kitu kutoka kasha la zamani la bati, lililokuwa na feni mbili tu, nikaweka kwenye kasha jipya lenye kioo mbele na ubavuni. Nikanunua seti ya feni sita za taa: tatu nimezifunga mbele zinaingiza hewa, mbili juu zinapuliza chini ili mazabodi ipate ubaridi, na moja nyuma inatoa. Badala ya kupoa, nikianza kurenda, yaani kutoa video kamili baada ya kuhariri, prosesa inagonga nyuzi 95, kadi 83, na mashine inapunguza mwendo. Kwenye kasha la zamani haikuwa hivi. Nimekosea wapi? Niongeze ya saba pembeni?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ya saba iache dukani. Kwa maelezo yako hata kwenye hizo sita kuna mbili zimekaa vibaya, na mbili hizo ndizo zinazokuharibia kazi. Ila sitaki uzifungue kwa sababu tu fundi kasema. Nataka uone mwenyewe, kwa moshi, hewa yako inaingilia wapi na inatokea wapi. Tutafika kwenye moshi.

Kwanza tuelewane kuhusu feni. Feni haipozi kitu. Ukikaa chini ya pangaboi unasikia ubaridi kwa sababu jasho lako linakauka, na prosesa haitoi jasho. Ndani ya kasha feni ni kuli tu: anachukua hewa iliyobeba joto anaitupa nje, analeta nyingine. Ukimpa mlango mwembamba wa kuingilia, au ukiweka makuli wawili wanaosukumana kifua kwa kifua, mzigo unabaki palepale huku wote wakitoka jasho. Makelele yanaongezeka, kazi haionekani. Ndiyo hali ya kasha lako.

Sasa tuupime huo mzigo. Boksi la prosesa yako limeandikwa wati 65, lakini AMD, wanaoitengeneza, wanairuhusu ivute mpaka wati 88 ikibanwa na kazi. Kadi yako ni wati 125. Ongeza mazabodi, RAM na diski, tuseme jumla wati 250 ukiwa katikati ya kurenda. Zote hizo zinageuka joto. Video unayomkabidhi bwana harusi haiondoki na wati hata moja. Ili wati 250 zitoke huku hewa ya ndani ya kasha ikiizidi ya chumbani kwa nyuzi 10 tu, unahitaji kupitisha lita kama 24 za hewa kila sekunde. Piga picha ya ndoo kubwa ya lita 20, iliyojaa na kumwagika kidogo, inaingia mbele na kutoka nyuma kila sekunde unayohesabu: moja, mbili, tatu.

Feni moja nzuri ya milimita 120 kwenye karatasi ya kiwandani huandikwa inasukuma kiasi hichohicho, lita 24 mpaka 28 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba kiwandani wameipima ikiwa wazi, haina kitu mbele wala nyuma. Ukiifunga kwenye kasha lenye chujio, wavu, nyaya na kadi ndefu, inabaki na nusu au chini ya hapo. Kwa hiyo kwa mashine yako feni mbili zinazoingiza vizuri zinafanya kazi, tatu zinatosha na kubaki. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nikatae habari ya feni saba. Kwenye kasha lako hewa imezuiwa, na idadi haiondoi kizuizi.

Huku kwetu kuna jambo moja ambalo video za mafundi wa nje hawalisemi, kwa kuwa haliwahusu. Uso wa ziwa letu, Victoria, uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 12. Feni ikizunguka mizunguko ileile inasukuma lita zilezile, lakini kila lita ina uzito pungufu, na joto linabebwa na uzito wa hewa, sio ukubwa wake. Ndiyo maana kwenye lita 24 nilizokutajia nimeshapiga hesabu ya hewa ya hapa. Pwani zingetosha 21 hivi. Usiwaonee wivu sana, wao chumba chao kina joto kuliko chako, basi tumetoka sare.

Na hilo la joto la chumba ulizingatie kabla hujalaumu kitu kingine. Joto la chumba likipanda nyuzi moja, la prosesa nalo linapanda karibu nyuzi moja. Anayekuonyesha video ya kasha kama lako likiwa na nyuzi 75 huenda amekaa kwenye chumba cha nyuzi 20 au 21. Wewe uko chini ya bati, saa nane mchana, nyuzi 30 au zaidi. Hizo 75 zake ni 85 zako hata kama umefunga kila kitu sawasawa na yeye. Nunua kipimajoto cha ukutani, kile cha bei ya chini kabisa, ukibandike karibu na meza. Bila namba ya chumba, namba ya prosesa haina maana.

Turudi kwenye zile feni mbili za juu. Najua wengi watakwambia kosa lako ni kwamba "hewa moto hupanda, wewe unaisukuma chini." Hapo si kweli sana. Ndani ya kasha la sentimita 45, nguvu ya hewa moto kupanda yenyewe haifiki hata sehemu ya tano ya paskali moja, kipimo cha msukumo wa hewa. Feni ya kawaida ya milimita 120 inasukuma kwa paskali 10 mpaka 20. Feni ikiamua hewa iende chini, itakwenda chini, wala haitauliza kama ni moto. Kwa hiyo kupuliza chini peke yake sio dhambi.

Dhambi ni hii. Feni zako tatu za mbele ziko nyuma ya kioo, zinapumua kwa shida. Zile mbili za juu ziko wazi, hakuna kinachozizuia. Basi za juu ndizo zimetawala. Zinaingiza hewa, na iliyo karibu na tundu la nyuma inavutwa na ile feni ya kutoa, inatoka hata sekunde haijaisha, haijagusa kadi yako ya picha. Iliyobaki inajaza kasha na kuwasukuma wale watatu wa mbele kifuani, ambao hawakuwa na nguvu tangu mwanzo. Kadi iko chini, inatema wati zake 125 zote ndani ya kasha, hewa yake ikijaribu kutoka inakutana na mkondo unaoshuka, inarudi, kadi inaivuta tena ileile. Kama kasha limesogezwa ukutani ni balaa zaidi: joto linalotoka nyuma linagonga ukuta, linapanda, na zile feni za juu zinalimeza tena. Unalipia umeme kuzungusha joto lilelile.

Kasha lako la zamani, najua aina yake. Bati la mbele lina matundu, feni moja mbele, moja nyuma. Baya kwa sura, lakini hewa ilikuwa na njia moja iliyonyooka.

Sasa kioo. Chukua rula, fanya hesabu hii ndogo. Feni moja ya milimita 120, ukitoa kile kitovu cha katikati, ina uwazi wa kama sentimita za mraba 100. Tatu ni 300. Kisha pima ule upenyo uliopo kati ya kioo na bati, pande zote hewa inapoweza kupita. Makasha mengi ya namna hiyo nimepima nikakuta upenyo wa sentimita moja kwa urefu wa arobaini, kushoto na kulia, basi. Hiyo ni 80. Unataka pumzi ya mtu wa 300 ipite kwenye pua ya 80, tena nyuma yake kuna chujio. Feni zitazunguka, taa zitawaka vizuri, na hewa haitaingia. Kwangu mimi kasha la kioo mbele lisilo na upenyo wa kutosha ni kabati la vyombo, si kasha la kompyuta, lakini umeshalinunua na halitupwi.

Lenye kutibika lipo. Vua kioo cha mbele kabisa, renda kipande kilekile cha dakika kumi ulichorenda jana, uangalie tofauti. Ikiwa namba zimeshuka kwa maana, umepata mchawi wako. Wapo wanaokirudisha kioo kwa skrubu ndefu na washa (zile pete za bati), kikae sentimita mbili au tatu mbele ya bati; kinabaki pale kwa sura, na hewa inapita pembeni. Wengine wanakata wavu wa aluminiamu wa madirishani, ule wa kuzuia mbu, wanaufunga mahali pa kioo. Mimi napenda wavu. Usiubane na kitambaa wala soksi ya kike ya mkunjo wa mara mbili kama ninavyoona vijana wanafanya. Mkunjo mmoja wa soksi nyepesi unavumilika, miwili unarudisha tatizo la kioo kwa njia nyingine.

Kabla ya kubadilisha chochote fanya vipimo viwili, kwa sababu inawezekana kabisa kosa si la kasha peke yake.

Kipimo cha kwanza ni ubavu wazi. Fungua HWiNFO, ambayo ni programu ya bure ya kusoma joto, renda dakika ishirini kasha likiwa limefungwa, andika joto la prosesa, la kadi na la chumba. Kisha vua kioo cha ubavuni, subiri mashine ipoe, rudia kazi ileile. Joto likishuka nyuzi 8 au zaidi, kasha linakunyima hewa na kila nililosema hapo juu linakuhusu. Likishuka mbili au tatu tu, kasha halina kesi, tazama kipoozeo cha prosesa. Likiwa katikati, kama nne, tano, sita, wote wawili wana hatia. Na angalia prosesa na kadi kila moja peke yake: mara nyingi kadi ndiyo inayoshuka sana ubavu ukiwa wazi, prosesa inashuka kidogo. Kwako nahisi itakuwa hivyo, nitakwambia kwa nini hivi punde.

Usije ukapata jibu zuri ukaamua kuliacha wazi moja kwa moja. Kwa vumbi la mjini na paka wa nyumbani, hiyo ni dawa ya wiki mbili.

Kipimo cha pili ni moshi. Washa dawa ya mbu ya kuchoma au kijiti cha udi, kasha likiwa limefungwa na feni zinazunguka. Sogeza moshi taratibu nje ya kila upenyo: mbele pande zote, juu, nyuma, chini, na kwenye vile visahani vya nyuma ambako kadi zinachomekwa. Sehemu inayoingiza moshi utauona unanyooka kuelekea ndani, inayotoa utatawanyika. Sekunde chache kila mahali zinatosha, usiivutishe mashine boksi zima la dawa ya mbu, ule moshi unaacha utando. Nina hakika ukipitisha mbele ya kioo chako moshi utakaa umesinzia, na ukipitisha juu utamezwa.

Moshi una faida nyingine: haudanganywi na sura. Kwa kawaida feni inavuta kwa uso wake ule mzuri uliofunguka na inatoa upande wenye mikono minne ya plastiki na stika katikati. Nyingine zina mishale ubavuni, mmoja wa mzunguko wa mapanga na mmoja wa hewa. Lakini siku hizi wanauza pia feni zenye mapanga yaliyogeuzwa makusudi, ili uso mzuri uonekane kupitia kioo huku zikiingiza. Kwenye seti moja unaweza kukuta aina zote mbili zimechanganywa. Usiangalie, pima.

Nakusisitizia hili kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilimtengenezea mashine mzee mmoja mwenye duka la steshenari. Ikarudi baada ya wiki tatu, inazima yenyewe. Nikabadilisha pesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo ipitishe joto. Ikarudi. Nikamshauri anunue pawa saplai, akanunua, ikarudi. Siku ya nne ilipofika mezani nikachana kipande cha karatasi ya chooni nikakisogeza kwenye feni ya nyuma, kikanata kwenye wavu badala ya kupeperuka. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe kinyumenyume, inavuta joto la ukutani na kuligonganisha na feni ya prosesa. Dakika tano za bisibisi. Pesa ya pawa saplai nilimrudishia kwa awamu mbili.

Haya, mpangilio wenyewe. Mbele bakisha feni zinazoingiza. Kama kasha lina nafasi tatu, weka tatu, na kama ukiziona mbili zinatosha basi ziwe ya chini na ya katikati, maana ya chini ndiyo inayoilisha kadi ya picha moja kwa moja. Nyuma iachie ile moja inayotoa. Juu, tundu la nyuma kabisa, lile lililo juu ya prosesa, geuza feni itoe nje. Tundu la juu la mbele, toa feni, kisha ulifumbe na kipande cha karatasi ngumu kwa ndani. Hili la kufumba watu hulipuuza. Feni inayotoa ikiwa pale juu mbele, inanyakua hewa baridi iliyotoka kuingia mlangoni na kuitupa nje kabla haijafika kwa mwenye shida. Ni sawa na abiria wa Kisesa anayepanda daladala mlango wa mbele na kushukia dirishani, nauli kalipa, hajaenda popote. Tundu lenyewe likiachwa wazi bila feni nalo linavujisha.

Wapo mafundi wazuri wanaolitumia tundu hilo la juu mbele kuingiza hewa, na ukiwa na kipoozeo kirefu cha mnara linaweza kusaidia. Mimi kwa Mwanza silipendi. Ni mdomo unaotazama juu, na vumbi linashuka.

Utaona nimekuachia zinazoingiza tatu na zinazotoa mbili. Ni makusudi. Zinazoingiza zikizidi kidogo, kasha linajaa, na hewa ya ziada inatafuta kutoka kwenye kila tundu dogo, kwa hiyo vumbi linaingia kupitia mlango wenye chujio peke yake. Zinazotoa zikizidi, kasha linanyonya kupitia kila ufa, hata tundu la USB. Mashine zilizotumika zinazotoka nje mara nyingi zimepoteza vile visahani vya nyuma chini ya kadi. Kama kasha lako linaingiza zaidi, usihangaike kuvitafuta. Pale pakiwa wazi hewa moto ya kadi inapata mlango wa jirani. Kama linanyonya, pafunge leo.

Pawa saplai nadhani iko chini, feni yake inatazama sakafu na ina chujio chake. Hiyo ina hewa yake yenyewe, haimo kwenye hesabu. Angalia tu kasha halijakaa kwenye zulia au mkeka. Liinue kwa vipande viwili vya vigae.

Nilisema nahisi prosesa yako haitashuka sana ubavu ukiwa wazi. Sababu ni hicho kipoozeo cha kwenye boksi. Ni kipande cha aluminiamu kisicho na mabomba ya shaba, na kwa kazi za kawaida kinatosha, ila kurenda saa nzima kwenye chumba cha nyuzi 30 ni kumtuma mtoto kisimani na pipa. Nyuzi 95 ndio ukomo ambao AMD wenyewe wameuweka kwa prosesa hiyo, ndiyo maana inapunguza mwendo ikifika hapo. Tuliza hewa ya kasha kwanza, kisha badilisha pesti, punje ya ukubwa wa njegere katikati, usipake kama siagi. Ikiwa bado inacheza kwenye 90, pesa uliyotaka kununulia feni ya saba iongeze, ununue kipoozeo cha mnara chenye mabomba manne na feni moja ya milimita 120. Kabla ya kununua pima nafasi kutoka mazabodi mpaka kioo cha ubavuni, maana vingi vina urefu wa milimita 155 mpaka 160, na vipo visivyofunga. Kikae kikipuliza kuelekea feni ya nyuma.

Cha maji chenye rejeta? Hapana. Si kwa prosesa hii.

Hukuniambia kasha linakaa wapi. Wengi wa Kirumba niliowatembelea wanaliweka ndani ya kabati la meza, mlango umefungwa, kwa sababu ya watoto. Hapo hata nikufungie feni za ndege. Kinachotoka nyuma kinazunguka kabatini na kurudi mbele, na baada ya nusu saa unapoza kwa hewa ya nyuzi 40. Litoe, acha kama sentimita 15 nyuma yake. Kisha kifikirie chumba chenyewe kama kasha jingine kubwa: nacho kinahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, basi dirisha linalotazama ziwa ndilo feni yako ya mbele. Fungua na lile la upande wa pili au mlango, japo kidogo. Dirisha moja peke yake ni kama kasha lako la sasa.

Tumefika kwenye vumbi na wadudu, na hapa nina mengi kwa kuwa ndipo mashine nyingi za huku zinapofia. Kirumba una vumbi la barabara, halafu ukiwa jirani na soko la samaki la Mwaloni una lile vumbi jembamba la magunia ya dagaa linaloganda kwenye mapanga ya feni kama ugali uliokauka. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, mimi huwaambia wateja wangu wasafishe chujio kila wiki mbili; mvua zikianza, mara moja kwa mwezi inatosha. Chujio lioshe kwa maji, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Mapanga na hitisinki (yale mapezi ya kipoozeo) tumia brashi ya rangi ambayo haijawahi kugusa rangi. Ukipuliza kwa mashine ya upepo, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, la sivyo unayakimbiza kuliko yalivyoumbwa na kuua beringi. Na usiipeleke kwenye kompresa ya gereji la bodaboda. Tangi la kompresa lina maji, yanatoka na upepo.

Watu wananiuliza kuhusu unyevu wa ziwa. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo hatuna kutu ile inayowala wenzetu wa Tanga na Unguja. Wala umande hauwezi kushika ndani ya kasha linalopozwa kwa hewa, maana hakuna kitu humo kinachoshuka chini ya joto la chumba.

Wadudu ni habari nyingine. Unawajua wale wadogo wanaopanda ziwani kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, asubuhi unawafagia kwa beleshi chini ya taa. Hawaumi, lakini wanafuata mwanga. Sasa wewe umenunua feni sita zenye taa, unarenda usiku, dirisha la ziwani wazi. Mdogo wangu, umetengeneza mtego: taa inawaita, feni inawameza, hitisinki inawakausha. Nimeshafungua mashine ya Igombe nikatoa kiganja kizima cha wadudu waliobanana kati ya mapezi ya aluminiamu, na mwenyewe alikuwa anadhani harufu ile ni ya dagaa wa jirani. Usiku wa namna hiyo zima taa za feni. Seti nyingi zina kitufe au kidhibiti cha kuzimia. Ule wavu wa mbu niliokuambia ufunge mbele utawazuia, ingawa vumbi jembamba litapita, kwa hiyo chujio la kasha libaki nyuma ya wavu.

Nyaya nitapita haraka. Watu wanazisingizia sana. Zisizibe tu feni za mbele, mengine ni urembo. La muhimu ni zinakochomekwa. Feni ya pini tatu inadhibitiwa kwa volti, ya pini nne kwa ishara yake maalum. Kwenye BIOS, ile mipangilio ya mazabodi unayoifungua kabla Windows haijawaka, chagua inayolingana, la sivyo ya pini tatu itazunguka kwa kasi yote siku nzima. Tundu moja la feni kwenye mazabodi nyingi linabeba ampea moja. Soma stika, jumlisha: feni tatu za ampea 0.25 zinafika 0.75, ziko salama kwenye waya mmoja wa kugawa. Sita usithubutu. Na kama seti yako inakula umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai, mazabodi haina amri juu yake, tafuta kidhibiti chake.

Usizikimbize zote mia kwa mia. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka kama desibeli 15 na umeme unaokula unabaki sehemu ya nane. Anza asilimia 40 mashine ikiwa imetulia, ifike 100 prosesa ikigusa 75. Tatizo ni kwamba BIOS nyingi husoma prosesa tu, kadi ikichemka hazijui. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa FanControl, itakuruhusu feni za mbele zifuate joto la kadi. Kwa kazi yako ningeifunga.

Feni moja itakayobaki iweke kwenye boksi lake. Za seti hizi nyingi zinatumia bushi, sio beringi, na bushi haipendi kulala chali kwenye joto. Ile uliyoifunga juu ndiyo itakayoanza kukoroma kwanza.